Picha ya Kabla

Jumatatu asubuhi Mektrida alishuka chemchemini na ndoo yake, akafika, akasimama, kisha akageuka kuangalia alikotoka kama kweli amepita njia ya kwao. Amezaliwa hapa Kilema, ameolewa hapa hapa Kilema, na njia ile angeweza kuipita amefumba macho. Lakini alipofika hakupatambua. Palikuwa na jua. Jua lilikuwa limeingia mpaka chini kwenye tope, na lile jicho la maji ambalo hukaa kivulini mwaka mzima lilikuwa wazi, limezungukwa na visiki.

"Yesu na Maria," alisema, na ndoo ikamponyoka.

Hakukuwa na mti uliosimama. Nakwambia hata mmoja! Miruka ilikuwa chini. Mringaringa mkubwa ulikuwa chini, umekatwa vipande. Misesewe na mikuyu ilikuwa imerundikwa pembeni kama takataka za sokoni. Hata masale, ile mimea ya majani marefu ambayo sisi Wachagga tunaipanda mpakani kusema hapa pana mwenyewe usiguse, yalikuwa yameng'olewa na mizizi yake yakatupwa juu ya rundo. Mtu akikata mti kwa shida ya kuni unaweza kumtukana ukamaliza. Anayeng'oa masale utamwambia nini?

Mektrida alikuwa Kahe tangu Ijumaa, kwenye msiba wa wifi yake. Alirudi jana jioni akiwa hoi, akalala. Alikosekana siku tatu tu, na siku tatu zilitosha.

Na miti ile haikuota yenyewe, tuelewane. Mwaka 2012 chemchemi ilikauka kabisa, wanawake wakawa wanateremka korongoni kuchota maji ya mto, wanapanda nayo mpaka magoti yanalia. Mektrida na mdogo wake Mary ndio waliosema basi. Waliokota mbegu pembezoni mwa msitu, wakaotesha kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya miche, nyuma ya jiko, wakapanda, wakamwagilia kwa maji ya korongoni waliyobeba wenyewe. Watu waliwacheka. Waliitwa wendawazimu wawili. Mwaka wa nne maji yakarudi, membamba kama kidole. Mwaka wa saba kijiji kizima kilikuwa kinachota pale, na waliocheka walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mary alifariki miaka mitatu iliyopita. Mektrida akaendelea peke yake, bila shirika, bila semina, bila fulana ya mtu.

Juu ya gogo la mringaringa alikaa Martin, jamaa wa kitongoji cha juu mwenye chenso, ule msumeno wa mashine, anakunywa chai kwenye chupa ya maji.

"Shikamoo shangazi."

"Martin, nani amekata hii miti?"

"Sisi, shangazi. Tumeagizwa na mradi."

"Mradi gani?"

Martin akakuna shingo. "Wa kupanda miti."

Mektrida akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa mpaka Martin akainuka kwenye gogo na kurudi nyuma hatua mbili.

"Hebu rudia."

"Mradi wa kupanda miti, shangazi. Wale wa Kivuli cha Mlima. Wanakuja Jumamosi na wageni, wakasema eneo lisafishwe."

"Lisafishwe! Kwani lilikuwa na uchafu gani?"

"Mimi nimeambiwa kata, nimekata. Mwenyekiti wa kijiji anajua. Na Godlove mwenyewe alikuwepo jana, ndiye aliyeonyesha tuanzie wapi tuishie wapi."

Hapo kicheko kilikatika. Godlove ni mtoto wa Mary. Ni mtoto pekee wa Mary.

Mektrida hakurudi nyumbani hata kubadilisha nguo. Aliokota kipande cha mringaringa chenye urefu wa mkono, akakifunga kwenye kanga, akakiweka kichwani, akashika njia ya Moshi. Ofisi za Kivuli cha Mlima ziko Shanty Town, kwenye nyumba nzuri yenye bustani na mlinzi. Mlinzi alimuuliza ana miadi na nani. Akamwambia ana miadi na Mungu, fungua geti. Yule kijana wa watu akafungua.

Nisiwaonee. Shirika lile lina kazi nzuri ambazo limefanya. Kule Kahe wamepanda miti kando ya mto, watu wanaiona. Kuna shule zimepata majiko yasiyokula kuni. Mwaka jana vijana wao walikuja Kilema, wakakaa na Mektrida pale chemchemini siku nzima, akawafundisha jinsi ya kuotesha mbegu za msesewe, maana wao walikuwa wanaziozesha tu. Akawapikia na ndizi. Ndiyo maana ilimuuma hivi. Mwizi asiyekujua akikuibia unapiga kelele, majirani wanakuja, yanaisha. Hawa walikuwa wamekula kwake.

Alikitua kile kipande juu ya meza ya mapokezi, udongo na kila kitu, na dada wa mapokezi akakimbia kumwita Godlove. Akatoka, amevaa shati lenye nembo ya shirika, na simu mbili mkononi.

"Shikamoo mama mkubwa."

Mektrida hakuitikia. Godlove akaamkia tena. Hakuitikia tena. Huyu ni mtoto aliyemlea kila likizo tangu Mary alipoanza kuumwa, aliyemfulia, aliyemsindikiza mpaka geti la chuo alipokwenda kusomea misitu.

"Hiki ni nini?" Mektrida aliuliza.

"Mringaringa."

"Uliupanda nani?"

Godlove akatazama mlangoni.

"Nimekuuliza swali jepesi. Uliupanda nani?"

"Mama."

"Mama yako. Na wewe ulikuwa umeshika kiriba, unalalamika tope limeingia kwenye viatu vyako vya shule. Umesahau?"

"Mama mkubwa, twende ndani tukaongee. Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Lakini alikwenda. Godlove alimkalisha kwenye kiti, akamfungulia kompyuta, na hapo ndipo alipokosea zaidi, maana alidhani akimweleza ataelewa. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya chemchemi. Chemchemi tupu, mpiga picha amevikwepa visiki, tope linang'aa kwenye jua. Juu yake pameandikwa KABLA. Pembeni palikuwa na kisanduku cheupe kisicho na kitu, na juu yake pameandikwa BAADA.

"Hii mmepiga lini?"

"Jana mchana."

"Kabla ya nini?"

Godlove akavuta pumzi. "Mama mkubwa, nisikilize. Kuna kampuni ya Dar inatoa fedha. Wanajenga tenki la lita elfu hamsini, na bomba mpaka zahanati. Lakini fedha ni za kurudisha uoto. Lazima eneo liwe limeharibika. Nimezunguka vijiji sita, vipo vilivyoharibika. Nilitaka tenki lije nyumbani, unanielewa? Nyumbani kwetu. Na chemchemi yetu haikuwa imeharibika. Hilo ndilo lilikuwa tatizo."

"Hilo ndilo lilikuwa tatizo."

"Tutapanda tena. Miche elfu mbili! Baada ya miaka kumi nani atajua?"

"Kwa hiyo mlitafuta uharibifu kwetu, mkakosa, mkaharibu."

"Usipaze sauti, mama mkubwa."

"Nitapaza! Mimi na mama yako tumebeba maji ya kumwagilia miti ile kwa vichwa vyetu. Mama yako alikuwa anaumwa na bado anabeba! Wewe umekuja na chenso ili upate picha!"

Kelele zilimleta mkurugenzi, Mama Flavia, mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenyeji wa Machame. Alivuta kiti, akakaa karibu, akamshika Mektrida mkono.

"Mama, tunaelewa maumivu yako."

"Huelewi. Ungeelewa ungenyamaza."

Mama Flavia akatabasamu. Watu wa aina ile wamesomea kutabasamu. Akasema pengine mawasiliano hayakukaa sawa, akasema sote ni wadau, akasema kilichobaki ni kutazama mbele. Mektrida akamuuliza hiyo miche elfu mbili ni ya miti gani. Mama Flavia akamtazama Godlove. Godlove akasema itategemea itakayopatikana. Halafu mkurugenzi akatoa fomu kwenye faili, akaiweka mezani taratibu. Kila chanzo cha maji kina kamati, na mwenyekiti wa kamati ya chemchemi ile ni Mektrida. Bila sahihi yake mradi hauanzi. Fomu ilikuwa na mstari usemao Hali ya eneo kabla ya mradi, na mbele yake wameshachapa kabisa: Eneo limeharibika. Halina miti.

"Unasaini Jumamosi mbele ya wageni," alisema Mama Flavia. "Itapendeza zaidi."

Mektrida akafunga kanga yake. Kile kipande cha mti aliwaachia pale pale mezani, wakitoe wenyewe.

Sasa wewe unayesoma unaweza kusema, asisaini, shida iko wapi? Ngoja. Jumanne asubuhi mwenyekiti wa kijiji, Yoramu, alikuwa mlangoni kwake.

"Dada Mektrida, miti imeshakatwa. Ni kweli au si kweli?"

"Ulijua, Yoramu. Ulijua ukanyamaza ukanisubiri niende msibani."

"Nimekuuliza imekatwa au haijakatwa? Ukigoma kusaini itasimama tena? Tutakuwa hatuna miti na hatuna tenki. Ndilo unalolitaka?"

Na jambo baya kuliko yote ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kinamama wenzake walimwambia hayo hayo. Ndelilio, jirani yake, ana mama mkwe asiyetoka kitandani, anachota ndoo nane kwa siku. Alikuja akakaa jikoni, akalia. "Andika tu, Mektrida. Ni karatasi. Mungu anajua palikuwa na miti." Goti la Mektrida lenyewe lilikuwa linauma. Tenki lingemfaa hata yeye. Usiku wa Jumatano aliamka mara tatu, kila mara amekasirika upya, na kila mara hajui amkasirikie nani kwanza.

Alhamisi saa kumi jioni waliingia watu wawili kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, wakipita katikati ya migomba. Mbele alikuwa Mzee Aristides, kaka wa marehemu mume wake, mzee anayesimamia zamu za maji ya mfereji na anayeheshimika na kila mtu. Nyuma yake Godlove. Na Godlove alikuwa amebeba isale, mmea mmoja wa yale masale.

Kwetu mtu aliyekukosea akikutumia isale kwa mkono wa mzee, hulikatai. Hata awe ameua. Ukilikataa wewe ndiye unabaki na kosa. Na ukishalipokea, neno lile limezikwa. Hulisemi tena, si kwa aliyekukosea wala kwa mtu mwingine yeyote, mpaka unaingia kaburini. Ni kitu kizuri. Kimezuia damu nyingi kumwagika kwenye mlima huu. Lakini Mektrida hakuwa mjinga. Alijua kwa nini limekuja Alhamisi wakati wageni wanakuja Jumamosi. Walitaka anyamaze, na walikuwa wamepata njia ya kumnyamazisha kwa mila yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema Mzee Aristides, akakaa kwenye kigoda, "mtoto amekosa. Ameniambia mwenyewe. Ameomba nimlete."

Godlove akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili.

Na Mektrida karibu alipokee. Sikudanganyi. Alimtazama yule kijana amepiga magoti kwenye majani ya migomba, ana uso wa Mary, paji la Mary, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka wenyewe. Halafu akaliangalia lile isale.

Mtu anayejua hukata jani moja, akalipiga fundo. Linatosha. Godlove amekulia mabweni ya shule, nyumbani alikuwa anakuja likizo tu. Alidhani isale likiwa kubwa ndiyo msamaha unakuwa mkubwa. Alikuwa amebeba shina zima lenye mizizi yake, na kwenye mizizi kulikuwa na tope jeusi.

Udongo wa vihamba vyetu ni mwekundu.

"Godlove," alisema Mektrida polepole, "hili isale umelitoa wapi?"

"Pale chemchemini. Yalikuwa yamelala tu pale kwenye rundo, nikaona..."

Hakumaliza. Mzee Aristides alikuwa ameshasimama, na kigoda kimeanguka.

"Umesema wapi?"

"Chemchemini, babu."

"Isale la kuomba msamaha mtu analitoa mpakani kwake! Kwenye udongo wake! Wewe umeng'oa mpaka wa huyu mama, halafu umenibebesha mimi, na mvi hizi, nimletee mali yake iliyoibwa nimwambie asamehe?"

"Sikujua, babu. Kweli sikujua."

"Hukujua!" Mektrida naye akasimama. "Mambo ya msitu umesomea miaka mitatu, hukujua. Mti wa mama yako hukuujua. Mpaka hukuujua. Kuna kitu gani unakijua, Godlove, zaidi ya kupiga picha? Huyu hajaniletea isale, shemeji. Amenirudishia langu. Sikiliza wewe. Mama yako amelala kwenye kihamba chenu, hatua mia mbili kutoka hapa. Kaburi lake limezungukwa na masale. Mengine nimeyapanda mimi. Nenda pale, mwangalie mama yako, mwambie ulichofanya, kisha kata jani moja uniletee. Siku hiyo nitapokea. Leo toka kwangu!"

Godlove aliondoka na lile shina lake, mizizi inamchafua suruali. Kaburini hakwenda. Ijumaa ilipita, hakwenda.

Jumamosi saa nne wageni wakafika. Pale chemchemini palikuwa na hema, viti vya plastiki, spika, na watu wa shirika wamevaa fulana za kijani. Magogo yalikuwa yameshasombwa, visiki vimefunikwa na turubai na mbele yake vimewekwa vyungu vya maua. Miche ilikuwa imepangwa kwa mistari kando ya mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Barabarani, karibu na kanisa, lori lilikuwa limeegeshwa na lile tenki jeusi mgongoni, watoto wanalizunguka. Mgeni mwenyewe alikuwa Bwana Rodney, aliyetumwa na ile kampuni ya Dar, mtu nadhifu, viatu vyeupe, anaangalia mahali pa kukanyaga.

Wakaimba, wakahutubia. Yoramu alishukuru mpaka jasho likamtoka. Mama Flavia akachukua kipaza sauti akamwita mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, mama yetu shujaa wa mazingira, aje asaini. Watu wakapiga makofi. Godlove alikuwa amesimama na kamera, akamwelekezea.

Mektrida alivaa gauni lake la kanisani. Alikaa mbele ya meza, akavuta fomu, akaomba kalamu. Akaisoma tangu juu. Halafu akaanza kuandika.

Aliandika muda mrefu. Mwenye spika akaona ukimya umezidi, akaweka muziki. Mama Flavia akasogea, bado anatabasamu. "Ni sahihi tu, mama."

"Naandika," alisema Mektrida. "Nina shule ya darasa la saba, usinikimbize."

Alikuwa amekata ule mstari waliochapa, mkato mmoja mnene. Juu yake aliandika hivi: Uongo. Palikuwa na miti mia mbili na kumi na nne. Tuliipanda mimi na marehemu Mary kuanzia mwaka 2013. Kivuli cha Mlima wameikata Jumapili iliyopita ili wapige picha. Visiki viko chini ya turubai nyuma ya hii meza. Kisha akaweka jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na sahihi. Akainuka, akampita Mama Flavia, akampa Bwana Rodney mkononi.

Bwana Rodney akasoma. Akasoma tena. Akaenda nyuma ya meza, akainua ncha ya turubai kwa vidole viwili, akachungulia, akaiteremsha.

"Hii ni kweli?" alimuuliza Mama Flavia.

"Kumekuwa na changamoto ya mawasiliano," alisema Mama Flavia.

Changamoto ya mawasiliano! Miti mia mbili na kumi na nne! Mektrida alimsubiri yule bwana. Kwa dakika moja nzima alimsubiri, kwa sababu aliamini, maskini, kwamba mtu mkubwa akishauona ukweli kwa macho yake atakasirika. Atauliza nani kafanya hivi. Atasema pole walau.

Bwana Rodney akaikunja ile fomu, akaitia kwenye mkoba. "Jina la kampuni haliwezi kuonekana hapa," alisema. "Kuna eneo mbadala?"

"Lipo," alisema Mama Flavia haraka. "Kuna kijiji kingine, kimekuwa kikisubiri."

"Na miti yangu je?" Mektrida alipiga kelele. "We baba! Nakuuliza! Na miti yangu?"

"Mama, nakushukuru sana kwa uwazi wako," alisema Bwana Rodney, akaangalia pa kukanyaga, akaondoka.

Haikufika saa sita hema lilikuwa limeshakunjwa. Miche wakaipakia. Hata vyungu vya maua wakavipakia. Lori lilipogeuza pale kanisani watoto walilikimbilia wakilipungia mkono, walidhani linakwenda kushusha mahali. Yoramu alikuja akasimama mbele ya Mektrida. "Umefurahi sasa? Umefurahi?" Na Ndelilio, Ndelilio wake wa kuombana chumvi, alibeba ndoo yake akampita bila kumsalimia. Hilo ndilo lililomkata maini. Walioharibu wamepanda magari wameondoka, na aliyebaki kuchukiwa ni yeye.

Wiki iliyofuata Kivuli cha Mlima walitoa taarifa redioni kwamba kuna mtumishi mmoja aliyekiuka utaratibu, ameshaachishwa kazi. Mmoja. Chenso ile ilikuwa na mkono mmoja, basi.

Jumapili baada ya misa Mzee Aristides alipita tena katikati ya migomba, na nyuma yake Godlove. Safari hii hakuwa na shati la nembo. Kucha zilikuwa na udongo mwekundu. Alikuwa ameshika jani moja la isale, limepigwa fundo, na macho yamevimba.

"Nimekwenda naye," alisema Mzee Aristides. "Nimesimama pale nikasikia. Amemwambia mama yake yote."

Godlove akapiga magoti. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mektrida alilitazama lile jani. Hasira yake ilikuwa nzima, haijapungua hata punje. Alikuwa bado ana maneno, maneno ya mwaka mzima, ya Yoramu, ya Mama Flavia, ya yule bwana wa viatu vyeupe. Alijua akinyoosha mkono yote yanazikwa pale pale. Lakini aliweka sharti mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mzee, na mtoto wa Mary amelitimiza. Akapokea.

"Nimekusamehe," alisema, na akamwinua.

Ameshika neno lake. Watu walimchokoza chemchemini, sokoni, kanisani, wakitaka asimulie, akanyamaza. Godlove sasa anakaa naye, na kila asubuhi wanateremka na jembe chemchemini, wanafukia mashimo ya wale watu, wanapanda upya. Maji yamekuwa membamba tena. Ndoo moja inachukua robo saa kujaa.

Mwezi uliopita Mektrida alikwenda Bomang'ombe kufuata mbegu. Kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya Arusha husimama na kila abiria lazima aone, palikuwa na bango refu kama nyumba. Kivuli cha Mlima. Tunarudisha uhai kwenye vyanzo vya maji. Kushoto pameandikwa KABLA, na chini yake chemchemi ya Kilema, tupu, tope linang'aa juani. Kulia pameandikwa BAADA. Na chini yake chemchemi ile ile ya Kilema, giza la kivuli, miruka, mringaringa wa Mary umesimama mzima, na chini ya mringaringa mwanamke ameinama na kanga ya bluu, anawaonyesha vijana jinsi ya kuotesha msesewe. Ilikuwa picha ya mwaka jana.

Alisimama pale mpaka watu wakaanza kumkwepa. Mama mmoja muuza parachichi akamuuliza, "Dada, unapajua hapo? Panapendeza! Hawa watu wanafanya kazi kweli."

Mektrida akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akajitwika mzigo wake, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Yeye hawezi kusema. Amepokea isale. Mimi sikuletewa isale na mtu.